Mgeni wa Kundi

Uji wa ulezi ulikuwa ndiyo kwanza unatokota pale Felisiani, mgambo wa kata, alipokuja kusimama mbele ya jiko.

"Shikamoo, Mama Herman."

"Marahaba. Kikombe kikubwa au kidogo?"

"Leo sinywi. Mtendaji anakuita. Sasa hivi."

"Sasa hivi na uji huu ataukoroga nani?"

"Mimi nimetumwa tu, mama."

Wateja walikuwa wamejikunyata kwenye benchi, makoti yamefungwa mpaka shingoni, maana asubuhi ya Sumbawanga haina huruma na mtu. Mama Herman, jina lake Silvana, akamwachia mwiko muuza maandazi wa jirani, akajitanda khanga, akafuata. Njia nzima aliwaza meza yake. Mama lishe wa stendi walikuwa wameshaambiwa watapunguzwa, na wa kubaki angechaguliwa na mtendaji. Meza ile ndiyo iliyomsomeshea watoto tangu baba yao azikwe.

Mtendaji Anyelwisye, mtu wa kuja kutoka Mbeya, alikuwa na heshima zake. Hajawahi kumfokea mama lishe hata siku moja, na huenda ndiyo maana alikuwa anapata kila anachotaka.

"Karibu mama, kaa. Nasikia wewe ndiye admini wa kundi la WhatsApp la pale stendi."

"Ndiyo, baba. Tunaambizana bei ya sukari, nani kafiwa, nani kajifungua."

"Safi kabisa. Sasa kila kundi la kata hii litaingiza namba ya ofisi. Ni maagizo ya juu."

Huko juu hakuna aliyewahi kufika, ila maagizo yake yanashuka kila wiki. Silvana akauliza ni ya nini.

"Meseji za siku hizi zimefungwa, mama. Anayeziona ni aliyetuma na aliyetumiwa, basi. Hata wenye kampuni wanasema hawaoni. Mwaka jana mtoto alipotea mtaani kwetu, tukakaa hapa kama vipofu. Tunaomba kamlango kadogo tu. Tutakaa kimya, hamtajua hata kama tupo."

Silvana alimwelewa, tena vizuri. Angepotea wake, angetaka serikali ifungue simu za dunia nzima.

"Lakini mle kuna mambo ya wanawake, baba."

"Nina mke, nina mabinti. Mtu asiye na baya anaogopa nini?"

"Na simu yenyewe itashikwa na nani?"

"Simu ya ofisi inashikwa na ofisi." Mtendaji akageukia dirishani. "Halafu kuhusu ile meza yako, bado hatujaamua."

Basi, yameisha. Silvana akaiingiza namba. Mtendaji akamwelekeza amtambulishe mgeni kama mama lishe mwenzao, Mama Neema, wenzake wasije wakashtuka. Akaandika hivyo hivyo. Kabla hajafika mlangoni simu ikaanza kulia: karibu mpendwa, karibu sana Mama Neema, jisikie nyumbani. Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka.

Kilichomtia hofu kilikuwa na jina, Kalista. Adolfu, mume wake, alikuwa amemvunja mkono na kuisagasaga simu yake kwa kisigino. Mama lishe wa stendi walikuwa na desturi yao: mwanamke akipigwa namna hiyo, wanapokezana kumficha, leo jiko hili, kesho lile, mpaka afike kwa ndugu zake. Kalista alikuwa na dada yake Mbala, ng'ambo ya mpaka wa Kasesya, na siku ya kusafirishwa ilikuwa leo. Silvana akajipa moyo. Monika, mama lishe mwenzake aliyemficha Kalista usiku ule, angepiga simu tu. Na hata akiandika, mtendaji si ana mabinti?

Akarudi kukoroga uji wake. Ulikuwa umeshikia chini na unanuka moshi, wateja wakanung'unika. Jua lilipopanda akajaza chupa ya uji wa ofisini, kama siku zote, akaupeleka.

Mtendaji alikuwa ameitwa kikaoni. Ofisini alikuwepo Felisiani peke yake, miguu juu ya meza, simu ya ofisi mkononi, waya wa chaji ukining'inia. Sauti ya Monika ilikuwa inatoka humo, ya furaha: "Jamani, mgeni wetu tumempakia kwenye Noah ya Kasesya, inapitia Matai. Mungu akipenda jioni atakuwa Mbala. Mwombeeni."

Felisiani alikuwa mdogo wake Adolfu, tumbo moja. Stendi nzima inalijua hilo, na Silvana alilijua kuliko wote.

"Kumbe ndiyo nyie mnaomficha shemeji," Felisiani alisema, wala hakukasirika. "Poa tu. Bro nimeshamwambia. Anatafuta mafuta ya pikipiki. Noah ikifika Matai si inakaa kungoja abiria? Atamkuta."

"Mwanangu, atamuua."

"Mke wake yule, mama. Weka uji hapo."

Silvana aliitua chupa mezani, akatoka. Akasimama nyuma ya ofisi, akawaza. Kalista hana simu. Dereva hawamjui. Akiwaambia wenzake kwenye kundi, Felisiani anasoma. Akimfuata mtendaji kikaoni, mpaka aruhusiwe kuingia, Adolfu ameshafika Matai. Kundi alilolianzisha yeye mwenyewe ndilo lilikuwa limegeuka kumla mwenzao, na mkono uliofungua mlango ulikuwa wake.

Akampigia Monika. "Sikiliza, usiulize. Sasa hivi nitaandika uongo kwenye kundi. Pita meza kwa meza, waambie wote kwa mdomo. Asijibu mtu."

"Uongo gani tena, dada?"

"Utauona. Kimbia!"

Akangoja Monika apige kumjulisha kwamba wote wamesikia. Ndipo akaandika: "Jamani, ile Noah imekufa njiani. Mgeni amerudi na bodaboda, nimemlaza kwangu. Mlango nimemfungia kwa nje."

Hakuna aliyejibu, ila Felisiani, kwa pupa yake, angempigia kaka yake kabla hajajiuliza. Silvana akarudi kwenye jiko, akashika mwiko, masikio yote yakiwa barabarani. Haukupita muda pikipiki ya Adolfu ikavuma nyuma ya stendi, ikashika njia ya nyumbani kwa Silvana, siyo ya Matai. Silvana akakaa chini pale pale kwenye majivu, akalia, na wateja wakadhani ni moshi.

Jioni, Noah ikiwa imeshapita Matai zamani, Felisiani alikuja kumchukua tena, safari hii bila shikamoo. Adolfu alikuwa ameupiga teke mlango wa Silvana mpaka ukang'oka na fremu yake, akapekua hadi uvunguni, akavunja vyombo. Silvana akadhani anaitwa kwa ajili hiyo.

"Mama," mtendaji alisema, safari hii sauti ikiwa juu, "umesambaza taarifa za uongo mtandaoni. Unajua hilo ni kosa?"

"Na mlango wangu?"

"Mlango ni mambo ya kifamilia, mtaelewana. Nazungumzia meseji."

"Nani amelalamika, baba?"

"Nini?"

"Nauliza nani kalalamika kwamba amedanganywa. Wenzangu wote niliwaambia kabla sijaandika. Kwa hiyo kwenye kundi zima, uongo ule umemfika nani?"

Mtendaji akamtazama Felisiani. Felisiani akatazama sakafu.

"Meza yako atapewa mwingine," mtendaji alisema polepole. "Sasa fungua simu yako hapa. Nataka kuona umeongea na nani, na huyo mwanamke yuko wapi."

Silvana aliitoa kifuani, akaiweka mezani, kioo kikiwa cheusi.

"Ifungue, mama."

"Sifungui."

"Utakaa kwenye benchi lile mpaka uifungue."

"Haya, baba," Silvana alisema. Akaenda kwenye benchi, akakunja khanga vizuri chini yake, akakaa.