Glavu za Mtihani

"Hatua ya sita," alisema mzee wa kitanda cha saba, kadi ameishika mbali na macho kama anasoma bango la ng'ambo ya barabara.

"Nasafisha kidonda kutoka katikati kwenda nje. Kila pamba inapita mara moja tu."

"Ya saba?"

"Naangalia usaha, harufu, rangi ya nyama. Uma meno kidogo, babu, hapa patauma."

Mzee akauma meno, lakini kadi hakuiachia. Alikuwa fundi seremala kabla mguu haujamlaza, na kwa wiki tano sasa amekuwa mwalimu wa binti huyu anayemfunga bandeji. Kadi zenyewe zilikatwa kwenye maboksi matupu ya dawa: swali mbele, jibu nyuma, kila hatua na namba yake. Ndiyo maana chuoni walimwita Kadi. Wenzake walikodolea daftari macho mpaka usingizi ukawabeba. Yeye aligundua mapema kwamba ukikifunga kitabu ndipo unajua kama kimekuingia. Alisoma akitandika vitanda, akasoma akingoja ndoo ijae bombani, akasoma kwa sauti huku akisafisha vidonda. Nafasi nyingine angeipata wapi? Wodi nzima, wagonjwa arobaini, ilikuwa na muuguzi mmoja wa kuajiriwa, na muuguzi huyo, Sista Mkuu, alikuwa mtu wa vikao. Kazi yote iliyobaki iliwaangukia wanafunzi, eti ndiyo mafunzo.

Hata leo, siku ya mtihani wa vitendo, amepangiwa zamu ya asubuhi. Mtihani ni saa tano, nao ni wa pili na wa mwisho. Mara ya kwanza alichelewa kwa sababu alikuwa ametoka zamu iliyoanza jana yake, mtahini akamfungia mlango. Sheria ya chuo ni fupi: ukianguka mara mbili, funga virago. Na nyumbani mama yake, mfagiaji wa ofisi za watu, alikwisha kuwatangazia majirani wote kwamba ana muuguzi.

"Hatua ya kumi na mbili," mzee akasema. "Ya mwisho hiyo, usiniangushe."

"Navua glavu, nazitupa, nanawa mikono."

"Mia kwa mia!"

Lakini mdomo uliposema natupa, mikono ilikuwa na yake. Ilizichovya glavu kwenye ndoo ya klorini, ikazisugua vidole, ikazigeuza, ikazianika kwenye kamba iliyofungwa dirishani, ambako jozi nyingine nne zilikuwa zinachuruzika maji. Wodi ilipewa boksi moja kwa wiki, nalo ikifika Jumanne limekwisha. Kamba hiyo aliifunga Sista Mkuu mwenyewe, na ndiye aliyewafundisha kuipuliza glavu ili kujua kama imetoboka. Siku hizi hakuna hata aliyeitazama mara mbili.

Chumba cha mtihani kilikuwa ng'ambo ya uwanja. Jamani, kile chumba! Toroli inang'aa, taulo za karatasi, sabuni ya maji, beseni la dawa, na kabati lililojaa maboksi ya glavu mpya mpaka juu. Kabati hilo lilikaa na kufuli mwaka mzima. Lilifunguliwa kwa mitihani, na kwa wageni wa ukaguzi. Kitandani amelazwa mgonjwa wa plastiki, kidonda chake kimechorwa mguuni kwa rangi. Huyo ndiye wa kuvaliwa glavu mpya. Mzee wa kitanda cha saba, mwenye nyama na damu, yeye alishikwa kwa mitumba.

Watahini walikuwa wawili: bwana mmoja mgeni, mwenye miwani, na Sista Mkuu na fomu zake. Kadi alikuwa wa mwisho kuingia. Alizimwaga hatua kama maji, kwa mpangilio, sauti haitetemeki. Kufikia ya kumi na moja yule mgeni alikuwa anatabasamu.

"Hatua ya kumi na mbili," Kadi akasema. "Navua glavu, nazitupa, nanawa mikono."

Alingoja waseme asante, nenda. Wao walikuwa wanakodolea kitanda macho. Akafuata macho yao, akaiona mikono yake mwenyewe inaanika glavu kwenye reli ya kitanda, zimeoshwa, zimegeuzwa, vidole vimenyooshwa vizuri kabisa.

"Unafanya nini?" mgeni akauliza.

"Na... naanika."

"Unaanika glavu zilizotumika? Nani kakufundisha uchafu huu?"

Sista Mkuu ghafla alikuwa na shughuli na karatasi zake. Kadi akamgeukia mgeni.

"Sista Mkuu ndiye aliyetufundisha," akasema. "Kamba aliifunga mwenyewe. Njoo wodini uone, ni hapo tu ng'ambo. Sasa hivi kuna jozi tano zinakauka."

Mgeni akavua miwani, akaifuta, akaangalia dirishani kuelekea wodini. Hazifiki hatua mia. Kisha akaivaa tena.

"Binti, mimi sikutumwa kukagua wodi. Nimetumwa kukupima wewe." Akaandika sifuri. "Kueneza maambukizi. Kosa hili peke yake linamwangusha mtu."

"Hatari kwa wagonjwa," Sista Mkuu akaongeza, akatia sahihi.

Hatari kwa wagonjwa! Miaka mitatu amewaosha, amewageuza, amewafumba macho waliokufa, leo ndiye hatari. Hasira ilimpanda Kadi mpaka masikio yakawaka moto.

"Rudi wodini," Sista Mkuu akamwambia. "Kuna vidonda kumi na tisa havijasafishwa, na mchana huu hakuna mtu. Barua yako itatoka Ijumaa."

"Si nimeanguka, sista? Si mimi ni hatari?"

"Mpaka Ijumaa bado ni mwanafunzi wangu. Na usinijibu."

Wakatoka kwenda kunywa chai. Kabati waliliacha wazi. Kadi akakunja aproni, akajaza maboksi mpaka kidevuni, akavuka uwanja mchana kweupe bila kuficha chochote.

"Vipi, mia kwa mia?" mzee akauliza.

"Wameniangusha, babu. Hatua ya kumi na mbili."

"Hiyo si unaijua?"

"Mdomo unaijua. Mikono inajua ya hapa."

Mzee akaitazama kamba dirishani, akautazama mguu wake. "Wiki tano nakusomea tupa," akasema polepole, "na sikuwahi kuuliza mbona hazitupwi."

Kadi akaikata kamba kwa mkasi wa bandeji. Akaanza kitanda cha kwanza, glavu mpya. Cha pili, mpya. Mzee akaifuata kadi kwa sauti kutoka kitandani kwake, namba kwa namba. Walikuwa kwenye kidonda cha sita Sista Mkuu alipotokea mlangoni.

"We! Hizo ni glavu za mtihani!"

"Ndiyo, sista. Na mtihani ndio huu."

"Ya kumi na mbili!" mzee akapaza sauti. "Vua! Tupa! Nawa!"

Kadi akazivua, akazitupa kwenye ndoo ya taka mbele ya Sista Mkuu, akaenda bombani kunawa.

"Bado kumi na tatu," akasema, akafungua boksi jingine.