Sikio Namba Saba

Saa moja na nusu asubuhi msikilizaji alifuta vumbi kwenye skrini ya kibandani mwake kwa kitambaa cha vyombo, akaweka kikombe cha chai juu ya kabati la nyaya, akavaa vipokea sauti. Kazi yake ilikuwa kusikiliza jabali. Ndani ya mteremko uliokuwa ukichongwa kupisha barabara walikuwa wamefukia vinasa sauti kumi na viwili, ambavyo kila mtu pale aliviita masikio. Jabali kabla ya kuporomoka huanza kukatika ndani kwa ndani, vipande vidogo vidogo, na aliyesimama juu yake hasikii kitu. Masikio yanasikia. Yakihesabu mikatiko thelathini kwa saa, king'ora kinalia na watu wote wanatoka.

Hivyo ndivyo bango la getini lilivyosema. Lakini mashine nazo hutikisa ardhi, na meneja alikuwa amechoshwa na king'ora kinachosimamisha kazi. Akaamuru kila sauti ya saa za kazi ihesabiwe kuwa kelele, ifutwe kwenye skrini na kwenye hesabu, ibaki kwenye vipokea sauti tu. Kwa hiyo jabali liliruhusiwa kukatika wakati wa chakula tu, tena lifanye haraka, maana mapumziko yalikuwa nusu saa.

Jumatatu saa tatu sikio namba saba lilisikia mtu akigonga: mara mbili, kimya, mara moja. Msikilizaji alimjua papo hapo. Alikuwa baba yake, mtoboa miamba, aliyefukiwa na mteremko uleule miaka minne nyuma na hakutolewa, kwa sababu kumtoa kungechelewesha ratiba. Miaka thelathini aligonga mlango wa nyumbani hivyohivyo. "Karibu, baba," akasema, maana ndivyo alivyolelewa, kisha akapima umbali. Mita nne nyuma ya uso wa jabali, juu tu ya katapila la mdogo wake.

Jabali lilichongwa kwa ngazi, na mdogo wake ndiye aliyechimba kwenye ngazi ya chini. Jumanne baba aligonga chini kidogo ya pale pa jana, Jumatano chini zaidi. Msikilizaji akaunganisha alama zile kwa penseli, ukatokea ufa mrefu unaoteremka na kujitokeza nje. Jiwe lote lililokuwa mbele ya ufa ule lilikuwa limeshikwa na mazoea tu. Wakati wa chakula akamfuata mdogo wake alipokaa kwenye kivuli cha lori.

"Baba anagonga," akamwambia.

"Wapi?"

"Juu yako."

Mdogo wake akatafuna, akafikiri. "Basi ana sababu. Baba hakuwa mtu wa kusumbua watu milangoni."

Lakini anayeshuka kwenye katapila kabla king'ora hakijalia amemwaga unga, na yeye nyumbani alikuwa na mapacha wa miezi mitano. Akamwomba dada yake afanye juu chini king'ora kilie.

Alipopelekewa habari, meneja alikuja kibandani mwenyewe. Akavaa vipokea sauti, akasikiliza kwa makini.

"Ndiye," akasema. "Tundu la kwanza hapa alitoboa yeye."

"Basi watoe watu."

"Dada, huyu si mfanyakazi wetu tena. Na anagonga saa za kazi."

Akaomba orodha ya kelele za kufutwa. Ilikuwa na katapila, malori, baruti na mvua. Chini ya mvua akaandika, kwa mwandiko mzuri, neno "marehemu". Damu ilimchemka msikilizaji. Akamwambia wazi kwamba ametia pamba masikioni kwa makusudi, kwamba hana hata chembe ya utu, na kwamba safari hii atakuwa ameua huku akijua. Meneja akajibu kwa upole kwamba anaelewa, ndiyo maana hakuliandika jina la mzee.

Ufunguo wa kuwasha king'ora kwa mkono ulikaa mfukoni mwa meneja. Alhamisi saa nne skrini ilikuwa shwari, lakini kwenye vipokea sauti baba alikuwa ameacha kugonga kwa vidole, anagonga kwa ngumi, bila kupumzika. Msikilizaji akavivua akakimbia. Kwenye geti la kushukia mlinzi akamzuia, kwa kuwa hakuvaa fulana ya kung'aa, na kushuka bila fulana ni hatari. Alikuwa bado anamsukuma mlinzi pale ngazi mbili za jabali ziliposhuka kwa pamoja juu ya katapila.

Aliporudi kibandani, mstari kwenye skrini ulikuwa umenyooka kama uzi. Poromoko lilitokea saa za kazi, likafutwa. Ripoti ikasema masikio hayakunasa dalili yoyote, na kwa mujibu wa skrini hilo lilikuwa kweli, laana iwashukie wote walioitia saini.

Hawakumtoa mdogo wake. Kumtoa kungechelewesha ratiba.

Jumatatu iliyofuata msikilizaji alifuta vumbi, akaweka kikombe mahali pake. Saa tatu sikio namba saba likasikia mara mbili, kimya, mara moja. Kisha, pembeni kidogo, kiganja kikapiga mara nne upesi upesi, kama alivyopiga mdogo wake tangu utotoni, maana hakuwahi kuwa na subira ya mlango. Msikilizaji akawakaribisha wote wawili. Akalia mpaka akamaliza, akapima, akachora, akapeleka karatasi ofisini. Karani akauliza kama kuna cha kuongeza kwenye orodha. Meneja akasema hakuna haja, iliyopo inatosha.

Kwenye ngazi ya chini, dereva mpya alikuwa ameshawasha katapila.