Nyumba Isiyotaka Mtoto

Matangazo ya nyumba za kupanga mtaa wa Boedo yalianza kwa adabu zote: chumba kina jua, jiko jipya, kituo cha treni kiko karibu. Ukorofi uliwekwa mwishoni, kwa maneno machache: bila watoto, bila mbwa. Zulma Benegas alikuwa ameshagonga milango kumi na minne. Hakuna aliyemuuliza anaamka saa ngapi kwenda kukanda unga kwenye duka la tambi la don Ítalo, wala ana mwaka wa ngapi pale. Waliuliza kama ana mtoto. Naye alikuwa naye, Maitén, wa miaka saba, na kila alipomtaja mlango ulifungwa, mingine kwa tabasamu, mingine kwa kishindo.

Wenye nyumba wa Buenos Aires wana sababu yao na hawaionei haya. Mpangaji mwenye mtoto hatoki, wanasema. Akiacha kulipa, hakimu anamwonea mtoto huruma na kesi inakwenda miaka. Basi huruma ya hakimu ndiyo inayowalaza watoto nje. Dunia ina vituko.

Chumba cha hoteli chakavu walimokuwa wakiishi kilikuwa kimeuzwa pamoja na mende wake, na wapangaji wote walipewa mpaka Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Baada ya Ijumaa palibaki chini ya daraja la barabara kuu, ambako Zulma alipita kila alfajiri akiona magodoro na familia zimejikunyata juu yake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Zulma aliinama. Asubuhi hiyo alimkalisha binti yake kitandani.

"Sikiliza, mwanangu. Leo akija mtu akikuuliza mama yako nani, mimi hunijui."

"Hata akiuliza polisi?"

"Hata polisi. Ukisema tu, nyumba tumeikosa."

"Na tukishahamia?"

"Tukishahamia hakuna wa kututoa."

Yaani alikuwa anakwenda kufanya kile kile walichokuwa wakikiogopa wenye nyumba. Alilijua hilo, na liliumiza, kwa sababu hakuwa mwongo.

Alimwacha Maitén kwenye benchi la uwanja mdogo, akavuka barabara. Doña Herminia Scarpati, mjane wa miaka sabini, alikuwa akipangisha vyumba viwili nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Vilikuwa na dirisha la uani na jiko linalowaka mafiga yote, na kwa mara ya kwanza kodi ilikuwa ile ambayo mshahara wa Zulma ungeiweza. Alipoliona dirisha lile, moyo ulimruka.

Walikaa jikoni, mjane akamimina chai chungu ya majani waiitayo mate, wakapokezana kibuyu chake wakinyonya kwa mrija. Mjane alizisoma karatasi za Zulma moja moja, pamoja na hati ya nyumba ya don Ítalo aliyekubali kumdhamini.

"Mume yuko wapi?"

"Alikwenda kusini kutafuta kazi, akapata na mke."

"Ah, hao! Wangu alikwenda makaburini, angalau huko najua analala na nani." Doña Herminia alicheka mpaka akakohoa. "Na watoto?"

"Sina."

"Afadhali. Usinione mbaya, dada. Watoto nawapenda. Ila wa mwisho kukaa hapa walikuwa na wawili, wakanikalia miaka mitatu bure, na wakili wangu ananiambia subiri, mama, subiri. Weka sahihi hapa."

Zulma aliweka sahihi. Mjane akampa ufunguo mkononi. Nje mvua ya Julai, baridi kama kisu, ilikuwa imeanza, na Zulma alikuwa anatafuta namna ya kuaga haraka bila kuonekana ana haraka.

Kengele ikalia. Mlangoni alisimama Wilfredo, muuza mboga wa jirani, amemshika Maitén mkono. Mtoto alikuwa amelowa chapachapa.

"Doña Herminia, shikamoo yako. Katoto haka kamekaa kwenye benchi saa nzima peke yake. Namuuliza mama yako nani, anasema hana. Si wa humu?"

"Humu hamna mtoto, namshukuru Mungu. Maskini, midomo imekuwa bluu! Wewe, dada, unamjua?"

Zulma alimtazama binti yake. Binti yake akatazama viatu.

"Simjui," alisema Zulma.

"Basi nampeleka kwa askari, yule pale kwenye kona," alisema Wilfredo. "Watamlaza makao ya watoto mpaka mwenyewe ajitokeze."

Wakaondoka. Doña Herminia alibaki mlangoni akisikitika, mama gani huyo, hata paka hatupi mwanawe. Zulma aliyasikia yote. Aliona askari akiinama, akiuliza, Maitén akitikisa kichwa. Aliona mlango wa gari la polisi ukifunguliwa.

Hapo miguu haikungoja ruhusa. Alikimbia katikati ya barabara, magari yakimpigia honi.

"Ni wangu! Mwacheni, ni binti yangu!"

Askari alimzuia kwa mkono. "Taratibu, mama. Mtoto, huyu ni mama yako?"

Maitén alitazama nyuma, akamwona doña Herminia amesimama mlangoni pake.

"Hapana," alisema kwa sauti ya kusikika vizuri. "Simjui."

Ilibidi Zulma apekue mkoba mpaka apate kitambulisho cha mtoto, chenye picha na jina lake la ukoo. Askari alikisoma mara mbili, akampa mtoto na maneno makali juu yake. Doña Herminia alikuwa ameshavuka barabara bila mwavuli. Hakutukana. Alinyoosha kiganja tu, na Zulma akamrudishia ufunguo. Ule mkataba mjane aliuchana palepale, vipande vikaloa mikononi mwake.

Walitembea kuelekea hotelini, Zulma amemvika mtoto koti lake. Maitén alilia njia nzima, akijaribu kujieleza katikati ya kwikwi.

"Mama, mimi sikusema. Umesema wewe."