Mahari Iliyosubiriwa Pande Mbili

Mimi ndiye mjomba wa Adalinda, na kwetu sisi Watenkteri, kabila la Germania, sauti ya mjomba ni nzito kama ya baba. Kwa hiyo siku Mrumi alipovuka mto Rhine kuja kumuoa, niliketi mbele kabisa, uso nimeukunja. Sikuwapenda Warumi; walishatuchomea mashamba mara mbili. Lakini mtoto alimtaka huyu Sabidio, askari mstaafu mwenye shamba ng'ambo, na alishaapa kwamba akimkosa haolewi tena.

Tukala nyama ya nguruwe, tukanywa pombe ya shayiri. Kisha tukanyamaza, tukisubiri atoe mahari. Naye akanyamaza, anatutazama na kutabasamu. Jua likafika utosini.

"Huyu katuona mazuzu," nikamnong'oneza shemeji, baba yake Adalinda. "Kaja kula tu."

Rafiki aliyekuja na Mrumi akaanza kufunga mizigo kwa hasira. Vijana wetu wakasimama, wakawaziba njia. Nikaona harusi inageuka vita.

"We Sabidio!" Adalinda akapaza sauti. "Maksai wako wapi? Au mimi wa bure?"

Mrumi akatoa macho. "Maksai gani tena? Mimi namsubiri baba yako. Kwetu mahari anatoa baba wa msichana!"

"Atoe binti, halafu atoe na mali?" nikafoka. "Mmelogwa huko?"

"Mjomba, tangu asubuhi nawaonea huruma. Nilidhani hamna kitu, mnaona aibu kusema."

"Sisi ndio tulikuwa tunakuonea aibu wewe!"

Shemeji akacheka mpaka pombe ikamtoka puani. Nilijitahidi kununa, nikashindwa.

Nikamtajia mahari yetu, anayokabidhiwa bibi harusi mwenyewe: maksai wawili, farasi mwenye hatamu, na ngao. Maksai akaahidi kesho. Farasi akamtoa palepale. Kwenye ngao akasita. Alikuwa ameibeba miaka ishirini, mingi akipigana na sisi. Na kwetu bila ngao hakuna ndoa.

Mwishowe akaivua begani, akamkabidhi Adalinda kwa mikono miwili.

"Sasa vita vikirudi," akamuuliza, "mimi nitajikinga na nini?"

Adalinda akaipima uzito, akaishika barabara.

"Utakaa nyuma yangu."

Kwetu watu wakikubali jambo hugonganisha mikuki. Wa kwanza kugonga nilikuwa mimi.