Ngoma Iliyopita Mtaa wa Pili

Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, hapa kwetu Binche, Gille, yaani mcheza kanivali aliyejazwa majani, hatoki mlangoni kwake wala hapigi hatua barabarani bila ngoma. Hata wenzake wakiwa nyumba ya jirani, atangoja ngoma ije imchukue. Baba yangu, Odilon, amekuwa Gille tangu utotoni.

Mwaka huu kifua chake kilikuwa kibovu. Daktari alimkataza kucheza kwenye baridi, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubali. Lakini alfajiri nilimkuta jikoni, ameshanyoa ndevu, kavaa viatu vyake vya mbao, analitazama gunia la majani makavu ya ngano.

"Unafanya nini hapo, baba?"

"Nimekaa tu."

"Na viatu vya mbao?"

"Miguu inaona baridi."

Sikubishana naye. Nilitoa kabatini vazi lake lenye simba wekundu na weusi. Kumjaza majani ilikuwa kazi ya mama, na tangu afariki ni yangu. Unasokota vishada vidogo, unaviingiza kifuani na mgongoni mpaka mtu anatoka nundu mbili. Ukijaza kidogo, vinateremka akicheza. Ukishindilia, hapumui. Kifuani niliweka machache sana.

"Unanijaza kama mto wa mtoto," alisema. "Mama yako alikuwa ananishindilia kwa ngumi."

"Mama alikuwa na sababu zake."

Akacheka, kikohozi kikamkatiza. Nilimshika mgongo mpaka kikapita, kisha nikamfunga mkanda wa njuga na kitambaa cheupe kichwani. Akasimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo.

Ngoma tuliisikia tokea kanisani. Ikaja, ikaja, mpaka kwa Lambiotte muuza mikate, pale wanapokata kona kuingia kwetu. Halafu ikaanza kufifia. Walikuwa wamepita mtaa wa pili.

Baba alianza kulitafuta fundo la mkanda ili aufungue, na vidole vyake havikulipata.

"Usifungue," nikamwambia. "Ningoje."

Nilikimbia na aproni yangu. Niliwakuta wakicheza polepole, kundi zima la wanaume walionona kwa majani, na Léonce mpiga ngoma mbele yao.

"Léonce, baba amevaa."

Fimbo zake zikanyamaza. "Amevaa? Na daktari je?"

"Daktari hayupo jikoni kwetu."

"Dada, tuliona tusimtoneshe," alisema mmoja wa Gille, mtu mzima, huku akitazama chini. "Mtu anaumwa, unampigia ngoma mlangoni?"

"Yuko nyuma ya mlango. Amesikia mkipita."

Léonce akawageukia wenzake. "Haya, mapipa nyie, tunarudi. Na atakayecheza kwa fujo mbele ya mzee, nitampiga fimbo hizi."

Ngoma ilipofika, baba alifungua mwenyewe. Alitoka kwa hatua fupi, kisigino, kidole, njuga zikilia kidogo, na kundi zima likapunguza mwendo likamfuata yeye. Majirani walikuwa madirishani. Alicheza mpaka kwa Lambiotte, na pale akasimama, mkono kifuani. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

"Inatosha, baba," nilisema.

"Nitarudije?" akaninong'oneza.

Léonce alisikia. Alikuwa ameanza kuelekea uwanja wa mji pamoja na wenzake, akageuka akawaacha hapo hapo. Akapiga taratibu, kama anayebembeleza mtoto, akitangulia hatua chache mbele yetu kuelekea nyumbani. Wale wengine wote walibaki kwenye kona, kwenye baridi. Bila ngoma wasingeweza kwenda popote, na sikumsikia hata mmoja akilalamika.

Mlangoni baba hakuingia mara moja.

"Nipigie tena kidogo," alimwambia Léonce.

Akacheza pale pale kizingitini, mimi nimemshika kiwiko.