Mvuto wa Kaisa

Marlene Lahtinen alikuwa akitoa pasti, mikate iliyojazwa nyama na viazi, kwenye oveni, jikoni kwake katika mji wa Marquette, kaskazini mwa Marekani, wakati njegere zilipoondoka kwenye sahani ya mwanawe Rudy, zikabiringika mezani na kusimama mbele ya dada yake Kaisa. Kijiko cha siagi kikazifuata.

"Mkopo wako wa chuo umeanza kudaiwa," alisema Rudy, akaizungushia sahani yake mkono.

Kaisa alikuwa amehitimu fizikia mwezi Mei, na muda aliopewa wa kupumua kabla ya kuanza kulipa ulikuwa umekwisha wiki hiyo. Alieleza, huku akitafuna, kwamba kitu chochote kikiwa kizito vya kutosha huvuta vilivyo karibu nacho, na dola elfu sitini si kitu chepesi. Mama yake akauliza kama na chumvi aisogeze mbali. Kaisa akasema ingefaa.

"Si nilikwambia twende wote tukajifunze ufundi bomba?" Rudy alisema. "Ona mimi, sidaiwi na mtu."

"Hudaiwi, ila unanuka."

"Haya, lakini angalau sasa una mvuto. Sekondari hukuwa nao hata chembe."

Majirani walizoea upesi. Bi Toivonen alipoangusha hereni thelujini, alimwita Kaisa asimame uani. Hereni ikaja, pamoja na funguo za watu na jino la bandia ambalo hakuna aliyekubali kuwa ni lake. Kaisa alilipwa keki. Kwenye duka la viatu alikofanya kazi kwa saa, alilipwa kidogo zaidi ya keki.

Mwalimu wake wa chuoni, Dakta Halvorsen, alimpigia simu. Alikuwa na nafasi ya miaka sita ya utafiti juu ya kile kitu kisichoonekana kinachozishikilia nyota zisitawanyike. Posho ingetosha kodi ya chumba na uji.

"Njoo, binti. Kichwa kama chako sikipati kila mwaka."

"Na riba, Dakta?"

"Riba itaendelea kukua," alikiri. "Mimi nilimaliza kulipa nikiwa na wajukuu. Paka wetu hakuwahi kushuka mapajani mwangu."

Kaisa alisema angempa jibu. Wiki ile alitembea akiimba, na viatu vya wateja vikimfuata nyuma, jozi kwa jozi.

Januari duka lilipunguza saa za kazi, na Kaisa akashindwa kulipa. Aliyemdhamini kwenye mkopo ni mama yake, na deni likamgeukia. Jumapili, kanisani, sarafu za sadaka ziliruka kutoka kwenye sahani, zikapita chini ya mabenchi na kupanda mapajani mwa Marlene. Mchungaji alingoja zitulie, kisha akaipitisha sahani upya. Marlene alirudisha zote, hata ile iliyonasa kwenye kola.

Wakaingia garini.

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Sahihi niliweka mwenyewe." Akawasha gari. "Ila Bi Toivonen kanitazama kama mwizi, Kaisa. Miaka yote ile tunaimba naye kwaya."

Asubuhi yake Kaisa alipiga simu kwenye kampuni moja ya bima kule Milwaukee, iliyokuwa ikitafuta watu wa hesabu.

Bwana Brandt, aliyemsaili, aliitazama kalamu yake ikimhama, akachukua nyingine iliyofungwa mnyororo.

"Nusu ya ofisi wako kama wewe," alisema. "Madawati tumeyafunga sakafuni kwa bolti. Tunawapenda sana watu wa namna hii. Hawaachi kazi."

Akamwajiri siku hiyohiyo, akokotoe ni mapaa mangapi yangevunjwa na theluji. Mshahara ulikuwa mzuri. Kaisa alimpigia Dakta Halvorsen kutoka kwenye maegesho kumwambia haji, kisha akalia. Machozi hayakudondoka. Yalibaki mashavuni, yakimng'ang'ania, ikabidi ayafute kwa nguvu.

Tangu hapo sadaka ilikaa kwenye sahani, na Marlene akarudi kwenye kwaya.

Vuli iliyofuata, shule yake ya zamani ilimwalika awaeleze wanafunzi faida za fizikia. Kaisa hakuficha kitu. Aliwaambia ilivyo tamu, inavyogharimu, na mshahara wa kwanza ulivyo. Chaki zilikuwa zimempanda mpaka mabegani. Msichana wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.

"Ungerudi nyuma, ungeisoma tena?"

"Ndiyo," alisema Kaisa. "Hilo ndilo wakopeshaji wanalolitegemea."

Wanafunzi walicheka, wakampigia makofi. Alipotoka alipita ukumbini, mahali maofisa wa mikopo walipopanga meza zao. Peremende walizoweka kuwavutia vijana zilishuka mezani, zikamfuata mpaka mlangoni. Ofisa mmoja alikuja kuziokota moja moja, akamshukuru Kaisa kwa kusimama, akarudi kuzimwaga kwenye bakuli lenye kina zaidi.

"Anayefuata," aliita.

Msichana wa mstari wa mbele akavuta kiti, akaketi.