Zebaki Haijashuka

Kazi yangu ni kuumwa. Nalala kitandani kwenye chuo cha uuguzi, nalalamika, wanafunzi wanajifunza kunihudumia. Shule niliacha kidato cha pili, lakini kuugua nakujua kuliko wenye vyeti. Wananiita Bwana Homa.

Unapewa kadi. Kadi inakuambia wewe ni nani na unaumwa wapi. Sheria ni mbili. Usiseme kitu ambacho hakipo kwenye kadi, na usipoulizwa, nyamaza. Vipimo ni vya kuzugia tu, maana mimi mwenyewe ni buheri wa afya. Mwanafunzi ananiwekea kipimajoto kwapani, anasema, "Napima joto," halafu mwalimu anamsomea namba kwenye karatasi. Mwanafunzi anaiandika, anakikung'uta kile kipimajoto cha kioo mpaka zebaki ishuke, anakirudisha kwenye kikombe. Hakuna anayekitazama. Akitazame cha nini?

Siku hiyo ulikuwa mtihani wa marudio. Wanafunzi saba, na wa saba ni mdogo wangu, tumbo moja. Chuo hawakujua, maana ndugu hawaruhusiwi. Akianguka tena anafungasha virago. Asubuhi nyumbani alinipa onyo.

"Kaka, leo usilete vituko. Kadi tu."

"Mimi nina vituko gani?"

"Wiki iliyopita ulikufa. Kadi ilisema umevunjika kidole."

Kweli nilikufa. Walikuwa wamenichosha.

Kadi ya siku hiyo: mwanafunzi wa chuo, miaka ishirini na mbili, kichwa kinauma, homa, shingo inakaza. Mwandiko wa mwalimu mwenyewe. Mama mmoja mtaratibu, saa yake kaining'iniza kifuani kama manesi wa zamani. Alikaa pembeni na karatasi zake, tukaanza.

Wawili wa kwanza walipita bila neno. Wa tatu alikuwa mcheshi.

"Haya kaka, funguka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Unakaa wapi?"

Hilo kwenye kadi halikuwepo. Hapo unatakiwa useme hukumbuki. Mdomo wangu ukasema, "Hosteli, ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho, pale tangi linapovuja."

Kalamu ya mwalimu ikasimama.

Mcheshi alipotoka, mwalimu akaja kitandani. "Nani kakuambia habari za tangi?"

"Hakuna, mwalimu. Limenitoka tu."

"Hiyo kadi ni ya mtu kweli," akasema polepole. "Alikuja zahanati ya wanafunzi, hapo mlango wa pili. Akapewa vidonge, akaambiwa akalale. Wakamkuta chumbani siku ya tatu, ameshakufa." Akashika ile saa yake. "Ukitoka tena nje ya kadi, navunja mtihani, na walio nyuma wote wameanguka. Umenielewa?"

Nikaelewa. Wa nyuma mmoja wao ni damu yangu.

Akaingia wa nne. Nikaanza kusikia maji. Tone, kimya, tone. Chumba kile hakina bomba. Wa tano akaniuliza kichwa kinaumaje, nikamjibu kama kadi inavyosema, ila nilikuwa siigizi tena. Kilikuwa kinapasuka. Wa sita akakitoa kipimajoto kwapani, akakikung'uta huku akimsikiliza mwalimu akisoma, "Thelathini na tisa nukta nane." Nilitaka kugeuka nimtazame. Shingo ikagoma.

Ningeweza kusema, nisimamishwe, niende nikalale. Lakini nikisema, mdogo wangu anarudi nyumbani na sanduku. Nikauma meno.

Akaingia. Hakunipa hata jicho la undugu. Akajitambulisha, akanawa mikono, akaniwekea kipimajoto. Dakika zikapita. Tone, kimya, tone.

"Thelathini na tisa nukta nane," mwalimu akasoma.

Mdogo wangu hakuandika. Alikuwa amekiinua kipimajoto kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwalimu, na hiki kinasema hivyohivyo."

"Andika ninachokusomea."

"Mgonjwa anawaka."

"Huyo si mgonjwa. Endelea na maswali."

Akaniinamia. Mgongo wa mkono wake kwenye paji langu ulikuwa baridi kama kisu. "Kuna lingine ambalo hujatuambia?"

Nikafumba mdomo. Naapa nilifumba. Lakini sauti ikatoka, na macho yangu hayakuwa kwake, yalikuwa kwa mwalimu pale pembeni.

"Nilikuambia shingo inakaza. Ukatazama saa. Nikakuambia tena, ukasema niende nikalale. Nikalala."

Mficha maradhi, wanasema. Huyu hakuficha. Alisema mara mbili.

Mdogo wangu akanyoosha mkono juu. "Nasimamisha mtihani."

"Ukitoka mlango huo umeanguka. Unalijua hilo."

"Najua," akasema, akapiga teke breki ya kitanda, akanisukuma kwenye korido mpaka mlango wa pili.

Nesi wa zahanati akanipima kwa kipimajoto chake. Akakitazama, akatutazama. "Thelathini na sita na nusu. Binti, mbona mmeniletea mtu mzima?"

Na kweli. Maji yalikuwa yamenyamaza. Nilikaa, nikageuza kichwa kulia, kushoto. Mdogo wangu machozi yakamlenga. Kazi ya miaka mitatu kaitupa kwa ajili ya kaka mzima. Halafu akafungua kiganja. Kile cha kwanza alikuwa bado anacho, hajakikung'uta, na zebaki haishuki yenyewe. Thelathini na tisa nukta nane.

Mwalimu alikuwa mlangoni. Akakichukua, akakisoma, akamrudishia. Akaenda kushika kiti cha nesi. "Nilikuwa nimekaa hapa," akasema. Halafu akanigeukia mimi, niliyeacha shule kidato cha pili. "Muulize kama..."

"Ameshaondoka, mwalimu."

"Umejuaje?"

"Shingo imelegea."

Akatoka, akaenda kwa mkuu wa chuo, hakutoka humo mpaka ofisi zinafungwa. Kufundisha hakurudi tena. Ila kabla ya kuingia kwa mkuu alibandika matokeo ubaoni. Amefaulu mmoja. Wengine sita warudie mara ya mwisho, na sababu kaandika kwa mkono wake: hawakusoma kipimajoto. Wale sita mpaka leo hawanisalimii, utadhani mimi ndiye niliyewafelisha.

Mdogo wangu sasa anafanya kazi zahanati hiyohiyo, mlango wa pili. Kile kipimajoto kiko nyumbani, kakisimamisha kwenye glasi juu ya kabati la vyombo. Mama hukishika kila akifuta vumbi, anataka kukikung'uta.

"Kiache, mama," mdogo wangu anamwambia. "Hicho bado kina mtu."